Vitano vya Jumatano

Pembe ya tatu ya godoro ilikuwa imekwisha shiba. Mama Sufi aliisukuma pamba ya mwisho ndani kwa kijiti chake kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi, akaipiga kwa kisigino cha mkono, akasikiliza. Godoro lililojaa vizuri lina sauti yake, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Likitoa sauti hiyo, unaacha. Lisipoitoa, unaongeza konzi moja, unapiga tena.

Akahamia pembe ya nne.

Chumba cha kazi kilikuwa na dirisha moja tu, lililowekwa juu karibu na dari. Alasiri jua liliingia humo kwa mshazari na kuikuta sufi ikielea. Sufi haitui kama vumbi. Inapanda, inasita, inashuka kidogo kama iliyokumbuka jambo, halafu inapanda tena. Kwa miaka arobaini na miwili Mama Sufi alikuwa akiichambua, akiitoa mbegu na kuijaza kwenye mito na magodoro ya watu, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Lakini wiki hizi za karibuni alikuwa anaitazama kwa namna nyingine. Alijiona kama yeye ndiye anayeelea, na sufi ndiyo iliyotulia.

"Wifi," aliita. "Naomba maji."

"Subiri, nakuunganisha," ilijibu sauti tamu kutoka uani.

Hiyo ilikuwa sauti ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alipokea simu katika ofisi moja kubwa kwa miaka thelathini, na alipostaafu, ofisi ilimwacha aende lakini yeye hakuiacha kazi. Mume wa Mama Sufi alipofariki, wifi alikuja na sanduku moja kukaa siku arobaini. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Mmoja alikuwa na miaka sabini na sita, mwingine sabini na mitatu, na hakuna siku iliyopita bila kutaniana.

Wifi aliingia na kikombe mkononi, akivuka kwa uangalifu kidaraja cha saruji, ngazi moja tu, kilichotenganisha ua na chumba cha kazi.

"Hiki ni kikombe cha nane tangu asubuhi. Wewe ni mtu au ni mtungi uliopasuka?"

"Ni dawa inafanya kazi. Mifupa inakunywa."

"Mifupa inakunywa, mimi ndiye mchota maji. Sawa tu."

Mama Sufi alikunywa yote kwa mkupuo, na macho yake yakaenda kwenye rafu. Pale, kati ya mkebe wa chaki na bunda la uzi, palikuwa na kisanduku cheupe cha plastiki chenye vyumba saba. Alikipenda kisanduku hicho. Alikitazama kama mtu anavyotazama komeo la mlango wake kabla ya kulala.

Mwaka uliopita, kwenye kile kidaraja cha saruji, asubuhi iliyokuwa na unyevu, aliteleza akavunjika mfupa wa kifundo cha mkono. Alikaa na plasta wiki sita. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alikuja kutoka mji wa mbali, akamwogesha, akamlisha, na siku ya kuondoka akasema maneno ambayo Mama Sufi aliyabeba tangu hapo kama mtu aliyebeba yai.

"Mama, ukianguka tena, nakuja kukuchukua. Sitaki ubishi."

Kumchukua maana yake ni ghorofa ya tisa. Mama Sufi aliwahi kulala huko siku mbili. Ni nyumba safi, na bintiye ana moyo safi kuliko nyumba. Lakini dirishani ndege walipita chini ya miguu yake, na usiku kucha hakusikia hatua ya mtu hata mmoja. Alijaribu kuwazia akichambua sufi mle ndani. Aliiona ikitoka dirishani, ikielea juu ya mji, na haitui popote. Alikuwa mtu wa kazi ya chini, sakafuni, na bila kazi hiyo hakujua mikono yake ingelala wapi.

Kwa hiyo bintiye alipokuja miezi miwili iliyopita na chupa mbili kubwa za vidonge vya mifupa, Mama Sufi alizipokea kwa mikono miwili. Vidonge vyeupe vya mviringo, vya chokaa, yaani kalsiamu, na vitamini. Binti aliambiwa na mwenzake kazini kuwa mama wa huyo mwenzake anavimeza na hajavunjika. Pamoja na chupa alileta kile kisanduku, na juu ya kila chumba alikuwa amebandika karatasi ndogo kwa mwandiko wake mzuri. Yeye alikuwa karani wa zamu kiwandani: kazi yake kutwa ilikuwa kuandika nani anaingia siku gani. Aliandika: J3, J4, J5, Alh, Ij, J1, J2.

"Fuata kisanduku tu, mama," alisema mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. "Kila kitu nimeandika."

Na Mama Sufi akafuata. Hakupata shida kusoma, maana yeye mwenyewe aliandika hivyo hivyo maisha yake yote. Kwenye upindo wa kila godoro aliweka alama kwa chaki: S4 ni sufi kilo nne, P6 ni pamba kilo sita. Herufi ni kitu, namba ni kiasi. Kwenye J alifikiri kidogo, akaona ni jumla. Basi Jumatatu jumla vitatu, Jumanne vinne, Jumatano vitano: viwili asubuhi, kimoja mchana, viwili jioni. Jumamosi kimoja, Jumapili viwili. Alhamisi na Ijumaa hazikuwa na namba, akaelewa ni siku za kupumzisha tumbo, na akazidi kumpenda bintiye kwa kukumbuka hata hilo.

Leo ilikuwa Jumatano. Vitatu vilikuwa vimeshaingia.

Alirudi kwenye pembe ya nne. Pembeni yake yalikuwa magunia mawili yamefunguliwa midomo, la pamba na la sufi, na nyuma yake lundo kubwa la sufi iliyochambuliwa, lenye kimo cha mtoto. Akachota, akasukuma kwa kijiti, akapiga. Sauti haikuja. Akachota tena. Mwanga ulikuwa umejaa chumba kama maziwa. Akachota tena, na mkono ulikwenda mbali sana, kama mkono wa mtu mwingine aliyekaa ng'ambo ya mto. Sauti haikuja bado. Akaona asimame anyooshe mgongo.

Aliposimama, chumba hakikusimama pamoja naye. Kilibaki chini kidogo, kisha kikamfuata polepole. Ukuta uliinama kumsalimu. Alirudi nyuma hatua moja kuupisha, na nyuma hapakuwa na sakafu. Palikuwa na weupe.

Alikwenda chini bila haraka yoyote, au ndivyo alivyoona. Sufi ilimpokea, ikafungua, ikafunga juu yake. Alilala akitazama nyuzi zake zikipanda kwenye mwanga wa dirisha, akawaza watu wote wa mji ule waliolalia magodoro yake kwa miaka arobaini na miwili. Aliwaona wakipanda, kila mmoja kwenye kitanda chake, na shuka zake, na kikombe chake cha maji pembeni, wanapita juu ya paa kimya kimya, wengine wakigeuka ubavu. Akaona si vibaya kupanda nao.

"Wifi! We wifi! Mungu wangu, miguu tu ndiyo naiona! Umeanguka!"

"Sijaanguka," alisema Mama Sufi kutoka ndani ya weupe. "Nimekaa haraka."

Wifi alivuta mkono mmoja. Sufi haina mahali pa mtu kujishikiza. Kadiri unavyojisukuma ndivyo inavyokumeza. Akavuta mkono wa pili, naye akaingia. Walibaki humo wawili, weupe mpaka kwenye kope, na kicheko kikawashika mpaka wifi akaomba kuhurumiwa kibofu chake. Iliwachukua muda mrefu kutoka, kwa kutambaa, kama watoto wanaotoka kwenye maji.

Walipoketi sakafuni, migongo ukutani, kicheko kilikatika chenyewe.

"Jumapili mwanangu anakuja," alisema Mama Sufi.

"Najua."

"Nani atamwambia?"

Wifi alijitoa uzi wa sufi mdomoni. "Laini imekatika," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Hakuna atakayemwambia."

*

Kesho yake asubuhi alikuja mwenye godoro.

Alikuwa mtaalamu wa viungo wa zahanati ya jirani, msichana wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya raba na mabega yaliyonyooka kama rula. Wifi alimpa jina Bi Nyoosha, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukutana naye asiambiwe anyooshe kitu. Yeye ndiye aliyeagiza lile godoro: pana, jembamba, gumu, pamba tupu isiyo na sufi hata chembe. La kuweka sakafuni. Wazee wangekuja kujifunzia juu yake.

"Kujifunza nini?" Mama Sufi alikuwa amemuuliza siku ile ya kuagiza.

"Kuinuka kutoka chini, mama. Mtu akianguka, shida mara nyingi si kuanguka tu. Shida ni kulala pale kwa muda wa saa nne hajui ainukeje."

Mama Sufi alikuwa amecheka moyoni. Godoro la kufundishia kuinuka! Lakini kazi ni kazi.

Sasa Bi Nyoosha alivua viatu, akapanda juu ya godoro lisilokwisha, akatembea pembe hadi pembe. Ya kwanza ilimshika. Ya pili ilimshika. Ya tatu ilimshika. Kwenye ya nne mguu ulizama mpaka kwenye kifundo.

"Mama yangu, hapa mbona panazama?"

Mama Sufi alikuja, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye pembe iliyokuwa bado haijafungwa. Vidole vyake vilijua kabla ya macho. Alichomoa konzi, akaiweka kwenye kiganja. Ilikuwa laini na nyepesi, ikipumua. Akachomoa nyingine. Zote zilikuwa sufi.

Pamba na sufi kwake zilikuwa kama mtoto wake na mtoto wa jirani. Hata gizani, hata usingizini, asingezichanganya. Kuanguka jana kulimchekesha. Hili halikumchekesha. Alikaa pale na weupe mkononi.

"Hajawahi," wifi alisema taratibu. Sauti yake ya simu ilikuwa imemwondoka. "Mwanangu, huyu hajawahi."

Bi Nyoosha alichuchumaa mbele ya Mama Sufi, akamtazama usoni, midomoni, ulimini.

"Una kiu sana siku hizi?"

"Nakunywa kama mtungi uliopasuka. Muulize huyo."

"Choo unapata?"

Mama Sufi aliangalia pembeni. Wifi alijibu kwa niaba yake: "Siku ya nne leo. Mwisho wa ujumbe."

"Kuna dawa unameza?"

Hapo uso wa Mama Sufi ulirudisha mwanga. Aliinuka kwa kushika ukuta, akachukua kisanduku rafuni na chupa zote mbili, ile tupu na ile iliyofunguliwa, akaviweka mbele ya mgeni kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

"Za mifupa. Binti yangu kaniletea. Sijaruka hata siku moja."

"Jana umemeza ngapi?"

"Vitano."

"Vitano?"

"Jana si Jumatano? Juzi vinne. Leo hakuna, leo Alhamisi."

Bi Nyoosha alikitazama kisanduku. Alisoma J3. Alisoma J4. Akasoma J5, kisha akageuza macho polepole kwenye upindo wa godoro, mahali chaki ilipoandika P9, kwa kuwa ndizo kilo za pamba zilizoagizwa. Hakucheka, na Mama Sufi alimheshimu kwa hilo siku zote baadaye.

"Mama," alisema, "hii J ni Juma. Jumatatu. Jumanne. Ni majina ya siku tu."

Sufi iliendelea kuelea juu ya vichwa vyao. Mama Sufi alisikiliza neno hilo, Jumatano, likijigawa ndani ya kichwa chake vipande viwili na kuungana tena. Alikuwa amelitamka tangu utotoni na hakuwahi kuliona lilivyoshonwa.

Walimpeleka zahanati kwa gari la zahanati yenyewe. Wakamtoa damu. Majibu yalipotoka, tabibu alieleza bila kupaza sauti: chokaa ilikuwa imezidi kwenye damu, si ya kumtisha mtu, lakini ndiyo iliyompa kiu, ikamfunga tumbo na kumtia ukungu kichwani. Asimeze tena hata kimoja. Anywe maji, apumzike, na wiki ijayo apime tena.

"Na mifupa yangu?" aliuliza Mama Sufi. "Nikiacha, si nitaanguka?"

Tabibu alimwachia Bi Nyoosha swali hilo. Yeye aliegemea kitanda.

"Wapo watu wanaohitaji vidonge hivi kweli, mama. Wamepimwa wakaonekana wamepungukiwa, au mifupa yao ina ugonjwa. Tukikupima tukaona unahitaji, tutakupa, na tutakuandikia kwa maneno, si kwa herufi. Ila kumeza tu ili usianguke, hapana. Vidonge havikushiki. Kinachokushika ni miguu yako. Na kile kidaraja chenu cha uani, kipakwe rangi nyeupe, kiwekewe cha kushikia."

Mama Sufi alilala akitazama dari. Wiki tisa alikuwa amemeza hofu yake moja moja, akidhani anajenga ukuta. Hakumkasirikia mtu. Alijiona tu mpumbavu kidogo, na amechoka.

*

Ukungu haukuondoka kwa siku moja. Ijumaa alilala, akaamka, akanywa, akalala. Alimsikia wifi akitembea taratibu uani na kuzungumza na sufuria. Jumamosi asubuhi tumbo lilifunguka, na wifi, aliyekuwa nje ya mlango, alitangaza kwa sauti ambayo huenda majirani waliisikia: "Laini imerudi!"

Siku hiyo Bi Nyoosha alipita kumjulia hali, na kwa vile godoro lilikuwa pale sakafuni, pembe tatu ngumu na ya nne iko wazi, alimwambia alale juu yake.

"Sasa inuka. Usikimbilie kukaa. Geuka ubavu kwanza. Kiwiko. Sasa mikono na magoti, kama mtoto. Tambaa mpaka kwenye kiti. Nyoosha mgongo. Mguu mmoja mbele. Haya, jisukume."

Mguu mmoja mbele ndipo palipomshinda. Goti lilikataa. Mara ya kwanza Bi Nyoosha alimshika mkono. Mara ya pili alimshika kiunoni kwa vidole viwili. Mara ya tatu alikamata upindo wa nguo yake tu, lakini alikamata.

"Umekaribia," alisema. "Kesho utajaribu tena, wifi yako akiwa karibu."

Jioni wifi alikuja na mpango. Alikuwa ameosha kisanduku, amekikausha.

"Sikiliza. Vyumba vya nyuma tunaviacha vitupu, tunaweka kimoja kwenye cha kesho, ili aone vya nyuma vimeisha na cha kesho kipo. Vidonge kadhaa vya chupa ya pili navitia kwenye ile ya kwanza, na hiyo ya pili naificha chini ya kitanda changu. Tunamwambia bado ni ile ya kwanza, inakaribia kwisha. Hakuna kuanguka, hakuna zahanati, hakuna J. Anakunywa chai anaondoka."

Mpango ulikuwa mzuri, na Mama Sufi hakumlaumu wifi. Njama hiyo ilikuwa ya upendo. Alijiona akikaa hapa mwaka mwingine, na mwingine. Halafu mkono wake ulikwenda kwenye pembe ya nne.

"Wifi, hili godoro ningelifunga vile lilivyokuwa, lingeonekana sawa?"

"Lingeonekana sawa."

"Mpaka nani alale juu yake?"

Wifi alirudisha kisanduku rafuni kikiwa kitupu. "Nambari uliyopiga," alisema kwa huzuni, "ina dhamiri. Tafadhali jaribu baadaye."

*

Jumapili walimsikia binti kabla ya kumwona. Alikuwa anaburuta begi kubwa la magurudumu, na lilipovuka kile kidaraja cha saruji liliruka na kutoa mlio mtupu, kama debe. Mama Sufi na wifi yake walitazamana. Begi lililojaa halilii hivyo.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Mama, mbona umekonda?"

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

"Shangazi, mbona amekonda?"

"Kaa," alisema wifi. "Mwenye nambari mwenyewe anataka kuongea."

Mama Sufi alieleza yote, kwa mpangilio, kama anavyokata kitambaa: kiu, kizunguzungu, kukaa haraka kwenye sufi, pembe ya nne, damu, chokaa. Hakuruka kitu. Bintiye alisimama kabla hajamaliza.

"Vitano? Kwa siku moja? Mama! Mnaona sasa? Mnaona kwa nini nimekuja na begi la nguo zako? Nani alikwambia umeze vitano?"

"Wewe."

"Mimi?"

Wifi alimpa kisanduku. "Soma, mwanangu. Soma kwa sauti."

"Jumatatu. Jumanne. Jumata—"

"Jumatatu imeandikwa wapi?"

"Si hii hapa, J tatu ni Juma…"

Alisimama hapo. Macho yake yalitoka kwenye karatasi ndogo yakatua kwenye upindo wa godoro, kwenye P9 ya chaki, mwandiko aliokuwa akiuona kila siku ya utoto wake akitoka shule. Alikaa chini taratibu juu ya begi lake tupu, nalo likabonyea.

"Kazini wote wanaelewa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kazini kwako hakuna anayejaza godoro," alisema mama yake.

"Ningekuua, mama."

"Hukuniua. Umenipotezea njia kidogo, kwa mwandiko mzuri sana."

Binti alicheka na kulia kwa pamoja, na wifi akampa kipande cha pamba afutie, akisema ahakikishe si sufi. Lakini alipokwisha kujifuta, alirudi palepale. Alikuwa mtoto wa mama yake, hakuacha kazi njiani.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kwenda. Kule nitakupa kila kitu kwa mkono wangu. Hapa ukianguka nani anakuinua? Shangazi hawezi kuinua hata kuku."

"Kuku yupi?" alisema wifi. "Mlete."

"Siogopi kuanguka kwako peke yake, mama. Naogopa ulale chini, nami niko mbali, na simu inaita tu."

Mama Sufi alimtazama. Hatimaye alikuwa amelisikia neno lenyewe la hofu ya mtoto wake, likiwa limevuliwa nguo zote. Alilitambua. Lilifanana na lake.

"Haya," alisema. "Vuta kiti kile ukiweke hapo ukutani. Kisha mkae mbali, wote wawili."

Alivua kandambili. Alishuka kwenye godoro, goti moja, la pili, ubavu, akalala chali, akatazama dirisha la juu. Sufi ilikuwepo, inaelea kwenye mwanga kama kawaida, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi aliona jambo alilokuwa amelisahau: ukiifuata moja kwa macho bila kuchoka, unaiona ikitua. Alifuata moja mpaka ikatua kwenye goti lake.

Akageuka ubavu. Kiwiko. Pamba ngumu ilimshika, haikummeza. Mikono na magoti. Alitambaa mpaka kwenye kiti, akaweka viganja viwili juu yake, akanyoosha mgongo. Mguu mmoja mbele.

Goti lilikataa.

Bintiye aliinuka. Wifi alimkamata upindo wa gauni, akamrudisha juu ya begi.

Mama Sufi alipumua mara mbili. Aliuvuta mguu tena, sasa kwa ujanja wa kazi, kama unavyoivuta sindano ya shazia kwenye kitambaa kizito: si kwa nguvu, kwa kuizungusha kidogo. Unyayo ulitua sakafuni. Akajisukuma. Chumba kilipanda pamoja naye, kikafika alipofika yeye, kikasimama. Akageuka, akakaa kwenye kiti.

Hakuna aliyepiga makofi. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa ile pamba.

"Imechukua muda," alisema hatimaye.

"Imechukua. Lakini si saa nne."

Binti hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliuliza kile kidaraja cha uani kinahitaji rangi kiasi gani, na fundi wa kuweka cha kushikia anapatikana wapi siku ya Jumapili. Aliuliza jina la tabibu na siku ya kupima tena, akaiandika kwenye kijitabu chake, neno zima, herufi kwa herufi. Kisha alizibandua zile karatasi saba kwenye kisanduku, moja baada ya nyingine, kwa ukucha.

Wifi, wakati huo, alikuwa anahangaika na lundo la sufi lililosambaa tangu Jumatano. Alitazama huku na huku akitafuta cha kuitilia. Akalivuta lile begi kubwa, akafungua zipu, akaanza kuijaza humo kwa mikono miwili.

"Begi zuri hili," alisema. "Halipitishi upepo."

Binti alimtazama akijaza. Alitazama mpaka begi likafika nusu, kisha akachuchumaa upande wa pili, akaanza kumsaidia.

Mama Sufi alirudi kwenye pembe ya nne. Alitoa sufi ya mwisho iliyobaki ndani, akapapasa mpaka mwisho kuhakikisha, akaweka konzi tatu za pamba. Akapiga. Sauti ilikuwa bado mbali, lakini ilikuwa njiani. Mwanga wa dirisha ulikuwa umepanda ukutani na kuanza kufifia, na mikono ilikuwa imechoka kwa namna nzuri. Aliichomeka shazia kwenye kitambaa mahali ambapo angeiona kwa urahisi, akaiacha pembe wazi.

"Humalizi?" aliuliza bintiye.

"Kesho."

"Kesho Jumatatu," alisema wifi, mikono yake imezama kwenye begi. "Usije ukashona magodoro matatu."